Kwa nini kiroboto mkubwa kuliko wote huishi na mnyama mdogo

Mtu akiulizwa ni mnyama gani anayebeba viroboto wakubwa kuliko wote duniani, huenda akamtaja ng'ombe, nyati, au tembo, kwa kuwa inaonekana ni jambo la kawaida mwili mkubwa ulishe kimelea mkubwa. Wazo hilo lina msingi wake. Mwaka 1915, Launcelot Harrison, mtaalamu wa wadudu kutoka Australia aliyechunguza chawa wa ndege, alionyesha kwamba ndege wakubwa huwa na chawa wakubwa, na tangu hapo kanuni inayobeba jina lake imejaribiwa kwa vimelea wa aina nyingi na mara nyingi imeonekana kuwa na ukweli. Kwa viroboto, hata hivyo, kilele cha ukubwa hakipo kwa tembo wala kwa nyati. Tembo hana kiroboto wake kabisa. Kilele kipo kwenye jenasi inayoitwa Hystrichopsylla, na wenyeji wa jenasi hiyo ni fuko, kirukanjia, panya wa nyasi na wanyama wengine ambao wengi wao wanaenea kwenye kiganja cha mkono.

Ukipima fuko wa Ulaya utakuta mwili wake una urefu wa sentimita 12 hivi bila mkia, na kiroboto wake mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 6. Uwiano huo, ukihamishiwa kwa mtu mzima, ni sawa na kutembelewa na mdudu mnyonya damu wa sentimita 7 hadi 8 hivi. Kwa kirukanjia, ambaye mwili wake ni nusu ya ule wa fuko, uwiano unakuwa wa kushangaza zaidi, na viroboto hao huokotwa juu yake pia. Inakuwaje basi kimelea wa ukubwa huo aishi kwa mnyama anayeweza kumwona, kumsikia akitembea ngozini, na kumtafuna? Jibu ninaloliona kuwa sahihi ni kwamba swali lenyewe huwa linaulizwa vibaya. Kiroboto huyu haishi hasa kwenye mwili wa mnyama. Anaishi kwenye kiota chake, na kiota ndicho kilichompa umbo, ukubwa na mwendo wa maisha alio nao.

Kabla ya kufika huko ni vizuri kumfahamu mdudu mwenyewe. Viroboto wote wako katika oda iitwayo Siphonaptera, yenye spishi zipatazo 2,500 zinazojulikana, na idadi kubwa kabisa ya spishi hizo huishi na wanyama wanyonyeshao, hasa jamii ya panya; sehemu ndogo tu huishi na ndege. Wengi wana urefu wa milimita 1 hadi 4. Jenasi Hystrichopsylla ilianzishwa mwaka 1880 na Otto Taschenberg, Mjerumani aliyejaribu kupanga viroboto waliokuwa wakijulikana wakati huo, lakini spishi yake inayojulikana zaidi, Hystrichopsylla talpae, ilikuwa imekwisha kuelezwa mwaka 1826 na John Curtis wa Uingereza. Jenasi hii ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Inapatikana Ulaya, katika ukanda mpana wa Asia hadi Japani, na Amerika ya Kaskazini. Hystrichopsylla orientalis huonekana sehemu za kati na mashariki za Ulaya, Hystrichopsylla tahavuana huishi na fuko na virukanjia wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, Hystrichopsylla dippiei na Hystrichopsylla occidentalis huenea upande wa magharibi wa bara hilo. Afrika Mashariki hayupo hata mmoja, ingawa jamaa zake wapo na nitawarudia.

Hapa nifafanue jambo moja kwa msomaji wa kwetu. Mnyama ambaye wakulima wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda humwita fuko, yule anayekata mizizi ya mihogo na viazi kutoka chini ya ardhi, ni wa jamii ya panya na ana meno marefu ya mbele. Fuko wa Ulaya, Talpa europaea, hana uhusiano wa karibu naye. Yeye ni mla wadudu na nyungunyungu, ndugu wa kirukanjia na kalunguyeye wa kule kuliko wa panya, mwenye viganja vipana kama sepetu na macho madogo yaliyofunikwa na manyoya. Wanyama hawa wawili wamefanana kwa sababu wote wawili huchimba, na kufanana huko ndiko kumewafanya wapewe jina moja.

Ukimweka Hystrichopsylla talpae chini ya lenzi, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni vitana. Kiroboto wa kawaida wa panya wa nyumbani, Xenopsylla cheopis, hana kitana hata kimoja. Kiroboto wa paka ana viwili, kimoja chini ya shavu na kingine nyuma ya kichwa. Hystrichopsylla ana vyote hivyo viwili, na juu ya hapo ana safu nyingine za miiba mifupi iliyopangika kama meno ya kitana kwenye pingili kadhaa za tumbo. Mwili wote ni wa kahawia iliyokolea, umebanwa ubavuni kama ilivyo kwa viroboto wote, na umefunikwa na vinyweleo vigumu vinavyoelekea nyuma, kiasi kwamba ukijaribu kumvuta kinyumenyume kutoka kwenye manyoya anakwama. Jina la jenasi limetokana na maneno ya Kigiriki ya nungunungu na kiroboto, na anayemtazama kwa mara ya kwanza hahitaji maelezo zaidi. Macho yake yamesinyaa karibu kutoweka. Ndani ya mwili wa jike kuna alama nyingine ambayo wataalamu huitegemea sana: vifuko viwili vya kutunzia mbegu za kiume, ilhali karibu viroboto wengine wote wana kimoja tu. Inadhaniwa kwamba hali ya vifuko viwili ni ya kale, na kwamba viroboto wengi walipoteza kimoja baadaye.

Suala la ukubwa wenyewe lina utata wake, na utata huo ndio unaofanya takwimu zinazosomwa huku na huko zisikubaliane. Spishi inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote ni Hystrichopsylla schefferi, iliyoelezwa mwaka 1919 na Edward Chapin kutokana na kiroboto aliyepatikana mwaka 1913 katika kiota cha mnyama aitwaye Aplodontia huko Puyallup, jimbo la Washington nchini Marekani. Jina la spishi linamtukuza Theo Scheffer, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi katika eneo hilo. Baadhi ya maandishi humpa jike wa spishi hii milimita 8, mengine humpa hadi milimita 12. Tofauti hiyo si lazima iwe kosa la mtu. Tumbo la kiroboto limeundwa kwa mabamba magumu yaliyounganishwa na ngozi laini, na jike aliyeshiba damu na kujaa mayai hunyoosha ngozi hiyo hadi mabamba yakaachana. Isitoshe, viroboto wanaohifadhiwa katika makumbusho huchemshwa au kulowekwa katika potasi ili wawe wangavu, kisha hubanwa kati ya vipande viwili vya kioo, na hatua zote hizo hubadilisha urefu. Ndiyo maana mtaalamu makini hulinganisha sehemu zisizonyooka, kwa mfano kichwa au mguu wa nyuma, badala ya kutegemea urefu wa mwili mzima.

Tekenya, ambaye sehemu nyingine huitwa funza, yaani Tunga penetrans, anaonyesha vizuri kwa nini tahadhari hiyo inahitajika. Huyo ni miongoni mwa viroboto wadogo kuliko wote, mwenye urefu wa milimita 1 tu anapokuwa ardhini. Jike akishajichimbia katika ngozi ya mguu huvimba hadi kufikia karibu sentimita 1 kwa upana, akawa mkubwa kuliko viroboto wengi wa jenasi ninayoieleza. Lakini kilichokua ni tumbo lililojaa mayai. Kichwa na miguu vimebaki vilevile. Tekenya si mwenyeji wa asili wa bara letu. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara hadi pwani ya Bahari ya Hindi kwa njia za misafara. Vivyo hivyo, katika milima ya Asia ya Kati wako viroboto wa jenasi Vermipsylla wanaoganda kwenye ngozi ya kondoo, farasi na ng'ombe wa milimani, na majike yao huvimba kiasi cha kufikia sentimita 1 na kuzidi. Tukihesabu uvimbe, taji linabishaniwa. Tukihesabu mwili ulioumbwa mkubwa tangu siku ya kutoka katika kifukofuko, mwenye mabamba makubwa, miguu mikubwa na kichwa kikubwa, hapo Hystrichopsylla haina mpinzani kati ya viroboto walio hai.

Nasema walio hai kwa kuwa mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalitangaza visukuku vya wadudu wanaofanana na viroboto kutoka China, wengine wa miaka ipatayo milioni 165, wenye majike ya zaidi ya milimita 20. Habari hiyo iliwafanya watu wengine waione Hystrichopsylla kama salio la majitu hayo. Sioni sababu ya kuamini hivyo. Wadudu wale wa kale walikuwa bapa kutoka juu kwenda chini, hawakuwa na miguu ya kurukia, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama ni viroboto wa kweli au ni tawi jingine lililokufa. Hystrichopsylla ni kiroboto kamili aliyebanwa ubavuni, na ukubwa wake unahitaji maelezo ya maisha anayoishi sasa.

Maelezo hayo yanaanzia kwenye jambo moja ambalo watu wengi hulisahau: kiroboto huishi juu ya mnyama kwa sehemu moja tu ya maisha yake. Mayai hudondoka. Buu hutoka katika yai bila miguu wala macho, mwembamba kama uzi mweupe, wala hanyonyi damu kutoka kwa mnyama. Hula takataka za kiota, magamba ya ngozi, mabaki ya chakula, na hasa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka ambayo haikusagwa vizuri. Hujivua ngozi mara mbili, akapitia hatua tatu, kisha hujifumia kifukofuko cha hariri kinachonata vumbi na majani, na humo hugeuka pupa na hatimaye kiroboto kamili. Kiroboto aliyekamilika anaweza kukaa ndani ya kifukofuko bila kutoka kwa muda mrefu, akisubiri mtikisiko, joto na hewa ya pumzi vinavyomjulisha kwamba mwenye kiota amerudi. Buu ni dhaifu sana mbele ya ukavu; hewa ikikosa unyevunyevu wa kutosha, hukauka na kufa.

Hii ndiyo sababu tembo hana kiroboto wake, na ndiyo sababu nyani na swala wengi hawana. Mnyama anayelala leo hapa na kesho pale hawezi kulea mabuu. Mnyama mwenye shimo, tundu au kitanda cha kudumu anaweza, na kadiri kitanda chake kinavyokuwa cha kudumu, chenye giza na unyevu, ndivyo anavyokuwa mwenyeji mwema wa viroboto. Binadamu tuna viroboto kwa sababu tuna nyumba.

Sasa mtazame fuko. Chini ya ardhi, kwenye makutano ya njia zake, hujenga kiota cha majani makavu na nyasi kilichoviringishwa kama mpira, na mahali ambapo maji hujaa ardhini hukiinua ndani ya kichuguu kikubwa cha udongo. Ndani ya kiota hicho joto halibadiliki sana, mwanga haupo, na hewa ina unyevunyevu mwaka mzima hata juu ya ardhi kukiwa na baridi kali. Majani hurundikwa juu ya majani, na kati ya tabaka hizo kuna mabaki ya nywele, ngozi na chakula. Buu anayekula polepole katika mazingira kama hayo hana haraka ya kumaliza kukua kabla kiota hakijaachwa au kukauka, na buu aliyekula kwa muda mrefu hutoa kiroboto mkubwa. Mdudu hakui tena baada ya kutoka katika pupa. Ukubwa wote alio nao aliupata akiwa buu. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kiroboto fulani ni mkubwa, akitazama mwili wa mnyama anatazama mahali pasipo na jibu. Ukubwa ulijengwa sakafuni.

Kiota cha Aplodontia kinalikoleza jambo hili. Huyu ni mnyama wa jamii ya panya mwenye uzito wa kilo 1 hivi, ambaye Wamarekani humwita biva wa milimani ingawa hajengi mabwawa kama biva wa kweli. Ndiye pekee aliyebaki katika familia yake, na makazi yake ni misitu yenye mvua nyingi ya pwani ya Pasifiki, kuanzia British Columbia nchini Kanada hadi kaskazini mwa California. Mafigo yake hayana uwezo mkubwa wa kubana maji katika mkojo, hivyo hulazimika kunywa sana kila siku na kukaa mahali palipo baridi na pabichi. Mashimo yake mengine hupitisha maji chini. Udhaifu wa figo la mnyama unamlazimisha kuishi katika unyevunyevu usiokatika, na unyevunyevu huo ndio buu wa kiroboto anaouhitaji kuliko kitu kingine chochote. Kwamba kiroboto mkubwa kuliko wote amepatikana hapo hakunishangazi hata kidogo.

Upande wa pili wa hoja ni hatari ya kukaa mwilini. Wanyama wadogo hujisafisha kwa bidii, kwa meno, kwa makucha na kwa ulimi, na viroboto wengi hufa kwa njia hiyo. Paka waliovishwa kola pana shingoni ili wasiweze kujilamba, wakiwa katika nyumba yenye viroboto, walikutwa na viroboto wengi kuliko wenzao wasiovishwa. Kimelea anayekaa mwilini muda wote hana budi kuwa mdogo na mwepesi wa kupenya. Anayekuja kunyonya na kurudi kitandani hahitaji kujificha kwa kiasi hicho, na mwili mkubwa unamfaa kwa mambo mengine: hubeba damu nyingi kwa mlo mmoja, na kwa kuwa eneo la ngozi yake ni dogo likilinganishwa na ujazo wake, hupoteza maji polepole anaposubiri mlo unaofuata. Watafiti wanaotega wanyama hawa hukuta viroboto wa Hystrichopsylla mmojammoja kwenye manyoya, mara nyingi hawakuti hata mmoja, wakati kiota kilichochimbuliwa palepale kinaweza kuwa nao wengi. Yeyote anayehesabu kwa kutazama manyoya peke yake atasema spishi hii ni adimu, naye atakuwa amekosea.

Maisha ya kiotani yameacha alama nyingine mwilini. Viroboto wa viota kwa jumla si warukaji hodari. Kuruka kwa kiroboto kunatokana na kipande cha protini iitwayo resilini, kilichopo ubavuni juu ya mguu wa nyuma, ambacho hubanwa na kuachiwa ghafla. Watafiti H. C. Bennet-Clark na E. C. A. Lucey walieleza utaratibu huo mwaka 1967, na Miriam Rothschild, mtaalamu wa viroboto wa Uingereza, akauchunguza kwa kina. Kwa viroboto wanaomsubiri mnyama kitandani mwake, nguvu hiyo hupungua, kwani hakuna umbali wa kurukwa. Macho yaliyosinyaa ni habari ileile: gizani hayana kazi.

Kama makazi yake ni kiota, vitana vyote vile ni vya nini? Hapa wataalamu wametofautiana. D. A. Humphries alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba nafasi kati ya meno ya kitana hulingana na unene wa nywele za mwenyeji, na akaona kwamba kitana hunasa nywele na kumzuia kiroboto asing'olewe. Robert Traub, aliyechunguza viroboto wa mabara mengi, alikusanya mifano ya spishi zisizo na undugu ambazo zimepata vitana vinavyofanana kwa sababu ya kuishi katika manyoya yanayofanana. Wengine wakasema vitana hulinda maungio laini ya mwili yasikwanguliwe. Kwangu mimi maelezo haya hayapingani. Kiroboto anayepanda mwilini kwa muda mfupi, akiwa mkubwa na rahisi kushikwa, ana sababu ya kushikilia kwa nguvu zaidi katika dakika hizo chache kuliko mdogo anayeweza kuzama chini ya manyoya. Tena manyoya ya fuko ni mafupi, laini na yamesimama wima, hayalali upande wowote, jambo linalomwezesha fuko mwenyewe kwenda mbele na nyuma katika njia nyembamba bila kusuguliwa. Kimelea anayekuta manyoya ya namna hiyo anahitaji kila ndoano aliyo nayo.

Jina la spishi talpae, lenye maana ya kuwa wa fuko, limepotosha watu wengi. Kiroboto huyu hupatikana pia kwa panya wa nyasi wa jenasi Microtus, kwa panya wa msituni, kwa virukanjia, na kwa vicheche wanaowinda wanyama hao na kuondoka na viroboto wao. Anachokifuata ni aina ya kiota kuliko aina ya mnyama. Panya wa nyasi anayefuma kiota cha majani chini ya nyasi nene humfaa, na njia za fuko zilizoachwa hutumiwa na panya na virukanjia, hivyo kiroboto aliyezaliwa kwa mmoja huamkia kwa mwingine. Hystrichopsylla schefferi ana uhuru mdogo zaidi, kwa kuwa anahusishwa hasa na Aplodontia, na hilo lina uzito wake: tangu mwaka 1991 kundi moja la Aplodontia, lile la Point Arena huko California, limewekwa na serikali ya Marekani katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Vimelea wa mnyama mmoja hupotea pamoja naye, na mara nyingi hakuna anayewahesabu.

Kuhusu undugu wa jenasi hii, mambo yamekuwa yakibadilika. Kwa miaka mingi familia ya Hystrichopsyllidae ilikuwa kapu la kutilia viroboto wengi wenye vitana ambao hawakuwa na mahali pengine pa kuwekwa. Utafiti wa vinasaba uliotolewa na Michael Whiting na wenzake mwaka 2008 ulionyesha kwamba kapu hilo limechanganya matawi yasiyotokana na mzazi mmoja, na upangaji mpya bado unaendelea. Hata oda nzima imetikiswa: mwaka 2020 watafiti walieleza kwa ushahidi wa vinasaba kwamba viroboto ni tawi la ndani la wadudu wenye mabawa wa kundi la Mecoptera, waliopoteza mabawa walipoanza kunyonya damu.

Katika kapu hilo ndimo walimowekwa jamaa wa Kiafrika niliowataja mwanzoni. Dinopsyllus, jenasi iliyopewa jina mwaka 1913 na Karl Jordan na Charles Rothschild, baba yake Miriam, ina viroboto wakubwa wenye vitana wanaoishi na panya wa mashambani na misituni Afrika, na Dinopsyllus lypusus anajulikana Kenya, Uganda na Tanzania. Pamoja nao wako viroboto wadogo zaidi wa jenasi Ctenophthalmus, ambao wana ndugu Ulaya wanaoishi bega kwa bega na Hystrichopsylla katika viota vya fuko. Uhusiano kati ya viroboto wa kaskazini na wa kwetu ulipitia pia mikononi mwa watu: G. H. E. Hopkins, aliyefanya kazi Uganda kama mtaalamu wa wadudu na kuandika kuhusu panya, viroboto na tauni ya nchi hiyo, ndiye aliyeshirikiana baadaye na Miriam Rothschild kuandaa orodha kubwa yenye michoro ya mkusanyiko wa viroboto wa Charles Rothschild uliopo London.

Hofu ya tauni hufuata kila linapotajwa neno kiroboto, na ni halali. Charles Rothschild huyohuyo ndiye aliyempa jina Xenopsylla cheopis mwaka 1903, kiroboto ambaye bakteria wa tauni, Yersinia pestis, huziba njia yake ya chakula, akabaki na njaa, akauma mfululizo na kutapika bakteria katika kila jeraha. Hystrichopsylla talpae hamtafuti binadamu na hakai majumbani. Lakini katika vilima vya pwani ya California, Hystrichopsylla linsdalei amechunguzwa kama mmoja wa viroboto wanaohusika na mzunguko wa tauni miongoni mwa panya wa nyasi. Viroboto wa aina hii hawaleti ugonjwa mjini. Kazi yao mbaya ni kuutunza porini, kwani kiroboto anayeishi muda mrefu katika kiota baridi anaweza kuubeba ugonjwa wakati panya wenyewe wamepungua.

Suala hilo linagusa moja kwa moja milima ya Usambara Magharibi, ambako wilaya ya Lushoto ilikumbwa na tauni kuanzia mwaka 1980 na maelfu ya watu wakaugua katika miongo iliyofuata, na pia eneo la Nile Magharibi nchini Uganda. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, wametega panya, wakawachana manyoya juu ya beseni jeupe na kuhesabu viroboto walioanguka, kisha wakakokotoa wastani wa viroboto kwa kila panya. Wastani huo ni kipimo kizuri kwa Xenopsylla, anayekaa sana mwilini. Kwa viroboto wenye tabia ya kiotani unapunguza idadi, kama unavyoipunguza kwa Hystrichopsylla kule Ulaya.

Njia za kuwapata zipo. Ya kwanza ni kufunga kitambaa cheupe cha flana kwenye ncha ya waya mrefu unaopindika, kukiingiza taratibu ndani ya shimo hadi mwisho, kukiacha kidogo, kisha kukivuta na kukitia haraka kwenye mfuko, kwa kuwa viroboto wenye njaa hukirukia wakidhani mwenye shimo amerudi. Ya pili ni kuchimbua kiota chote na kukiweka juu ya faneli chini ya taa. Joto la taa huwasukuma wadudu kushuka hadi kwenye chupa ya spiriti. Njia hii haiwapati walio ndani ya vifukofuko, hivyo mchunguzi asiyetaka kudanganyika huchukua sehemu ya majani ya kiota, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa kizito, akaitunza ikiwa na unyevunyevu kwa wiki kadhaa, na kuifungua kila baada ya siku chache. Kwa viota vya fuko, viroboto wakubwa huendelea kutoka humo muda mrefu baada ya fuko mwenyewe kuondoka.